Faili la Ploti ya Baba "Halionekani", Nami Nimechoka Kuambiwa Njoo Kesho

Mzee wa Masjala, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu na leo nimepata ujasiri wa kukuandikia. Naomba kaunti yetu usiitaje kwa jina. Mji ni mdogo, na anayekohoa sokoni asubuhi huulizwa hali yake kanisani jioni.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mwaka wa 1987 baraza la mji la wakati huo lilimgawia ploti sokoni. Alianza na chumba cha mabati, akaja akajenga cha mawe, na sisi watoto tumekulia pale chini ya meza ya kukatia nguo. Namba ya ploti naijua kwa sababu aliipaka mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya mlango: 62. Alifariki mwaka wa 2019. Sasa duka naliendesha mimi, nashona sare za shule. Cherehani yake ya zamani bado iko pembeni, mama hataki iguswe.

Barua ya ugawaji sijawahi kuiona. Mama anasema ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, na bahasha hiyo iliharibiwa na mvua mwaka ambao upepo ulibeba paa la nyumbani.

Mwezi wa Februari alikuja mtu na vijana wawili na kamba ya kupimia. Akasema ploti ni yake, kwamba ameuziwa na mtu aliyeuziwa na baba. Alitoa karatasi, akaishika kwa mbali, akaikunja kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Mama anaapa marehemu hakuuza hata upana wa kiganja.

Nikaenda ofisi ya ardhi ya kaunti. Siku ya kwanza nikaambiwa sistimu iko chini. Mara ya pili mwenye ufunguo wa stoo alikuwa likizo. Mara ya tatu karani aliingia ndani, akakaa kama dakika tano, akatoka akisema faili halionekani. Aliponisindikiza hadi kwenye ngazi akaninong'oneza kwamba likitafutwa vizuri linaweza kuonekana, ila kuna vijana wa stoo wa kuachiwa elfu tatu. Mara ya nne nilimpata mkubwa wao. Yeye hakuniuliza namba ya ploti. Aliniuliza, "Unalitaka la nini? Wewe ni nani kwenye hiyo ploti?" Akasema nirudi na barua ya wakili.

Wakili anataka elfu thelathini kabla hajafungua kalamu. Binamu yangu anasema nimwendee MCA, mwakilishi wetu kwenye bunge la kaunti. Mama anasema nitoe hiyo elfu tatu tulale usingizi. Mzee, nina haki ya kuona karatasi za ploti ya baba au naomba kitu kisicho changu? Hiyo elfu tatu nitoe? Na kama faili limepotea kweli, ndiyo basi?

Binti wa Fundi

*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa baba, na pole kwa hizo ngazi ulizopanda bure.

Kilichonikaa katika barua yako ni zile dakika tano. Nimefanya kazi ya masjala ya baraza la mji miaka mingi, na faili la mwaka wa 1987 halitafutwi kwa dakika tano. Mabaraza ya serikali za mitaa ya kila aina yalikuwa 175 nchi nzima. Kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, karatasi zake zilirithiwa jinsi zilivyokutwa. Kwetu mafaili yalihamishwa kwa lori la kubeba mchanga. Mengine yalifungwa kamba ya katani, mengine yalitiwa kwenye magunia ya sukari, na chumba tulichopewa kilikuwa na dirisha moja lisilofungika. Anayetaka faili la zamani humo huvua koti, hupanda ngazi, hushusha bunda moja baada ya jingine, na hutoka na vumbi kwenye nyusi. Karani wako alitoka na vumbi? Hukuniandikia, lakini jibu nalijua.

Kwa hiyo "halionekani" usilichukue kama jibu. Neno hilo lina maana tatu pale masjala. Huenda hakulitafuta. Huenda halimo rafuni kwa sababu liko mezani kwa mtu, na mara nyingi ploti ikianza kugombaniwa faili lake huwa mezani kwa mtu. Au limeondolewa. Hali hizi tatu kila moja ina dawa yake, na huwezi kujua uko katika ipi maadamu unauliza kwa mdomo na kujibiwa kwa mdomo. Umeenda mara nne, na leo hii ukiulizwa uthibitisho kwamba uliwahi kufika hapo huna hata karatasi moja ya kuonyesha. Hapo ndipo pa kuanzia.

Swali lako la kwanza ni jepesi. Haki unayo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kaunti ni serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inalirudia hilo waziwazi katika kifungu cha 96. Kisha ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016, ambayo ndiyo yenye meno. Na lile swali la mkubwa, "Unalitaka la nini?", sheria hiyo imelijibu kwa niaba yako katika kifungu cha 4: haki yako haiathiriwi na sababu unayoitoa, wala na sababu ambayo ofisi inakudhania. Uraia wako unatosha. Barua ya wakili haihitajiki, na hulazimiki kuwa mrithi ndipo uombe kuona rekodi. Kudai ploti iandikwe kwa jina lako ni jambo jingine, nitalifikia.

Sasa barua. Iandike kwa Katibu wa Kaunti, usiiandikie ofisi ya ardhi. Sheria ya 2016 inamfanya mkuu wa utendaji wa taasisi kuwa ndiye afisa wa upatikanaji wa habari, hata kama kazi yenyewe amemkabidhi mtu mwingine, na katika kaunti utumishi wote unaongozwa na katibu. Mkuu wa idara ya ardhi mpe nakala. Andika kwa Kiswahili kama ulivyoniandikia mimi. Sheria inakubali Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa ombi lake na afisa na kupewa nakala. Wakikuambia kuna fomu maalumu, ijaze, lakini hawaruhusiwi kulitupa ombi kwa sababu tu hukutumia fomu yao.

Kosa ninaloliona kila siku ni watu kuomba "faili la ploti". Ukiomba faili, jibu ni moja tu: lipo au halipo. Omba karatasi, moja moja, kwa majina yake. Mimi ningeandika hivi:

"Mimi ni raia wa Kenya na nakala ya kitambulisho changu imeambatishwa. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016, naomba nakala za rekodi zifuatazo kuhusu ploti namba 62 katika soko la mji wetu: ukurasa wa rejista ya ugawaji wa ploti unaoonyesha ploti hiyo, kumbukumbu za kikao cha kamati ya baraza la mji kilichoidhinisha ugawaji wake mwaka wa 1987, kadi ya malipo ya reti (kodi ya ploti) tangu mwaka huo hadi leo, barua yoyote ya kuomba au kuidhinisha uhamisho wa ploti hiyo kwa mtu mwingine, ikiwa na tarehe yake, na ukurasa wa daftari la mwendo wa mafaili unaoonyesha faili la ploti hiyo lilitoka lini mara ya mwisho na lilikwenda kwa nani. Ikiwa rekodi yoyote kati ya hizi haipo, naomba nielezwe kwa maandishi ni ipi, na ilitafutwa wapi. Ikiwa iko katika ofisi nyingine, naomba ombi hili lipelekwe huko na nijulishwe. Niko tayari kulipia gharama ya kunakili."

Weka tarehe, namba ya simu, sahihi. Basi. Usimtaje yule mtu wa kamba ya kupimia, usitaje elfu tatu, usiandike kwamba mmeteseka. Najua moyo utataka kumwaga yote. Lakini barua yenye lalamiko hupelekwa kwa wanasheria wa kaunti, na huko hulala. Barua ya kuomba nakala inabaki kuwa kazi ya karani.

Hilo daftari la mwendo wa mafaili watu wa nje hawalijui, ndiyo maana nimeliweka. Faili likitoka rafuni huandikwa: namba, tarehe, jina la aliyelichukua. Niliwahi kumwona mzee mmoja akizungushwa miezi kuhusu kibanda chake. Alipoomba ukurasa wa daftari, faili "lililopotea" lilirudi rafuni kabla ya wiki kwisha, bila mtu yeyote kueleza lilikuwa wapi. Kwa sababu kwenye daftari pana jina, na hakuna anayetaka jina lake liwe la mwisho.

Chapa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Nenda masjala ya katibu yenyewe, asubuhi, usimwachie mlinzi wala mtu uliyekutana naye koridoni. Karani akikataa kugonga muhuri, usibishane. Nenda Posta, itume kwa rejista, na uhifadhi kile kijikaratasi cha risiti kama unavyohifadhi kitambulisho.

Kuanzia siku hiyo, hesabu siku 21 za kalenda. Ukipeleka tarehe 3, jibu linatakiwa kufikia tarehe 24. Wanaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kama rekodi ni nyingi au inabidi washauriane na wengine, na wakuambie. Kama rekodi iko ofisi nyingine, wana siku 5 za kulihamisha ombi. Kuwasilisha ombi hakuna ada hata shilingi. Unacholipia ni gharama ya kunakili, na isizidi gharama halisi. Kwa hiyo ile elfu tatu haimo katika sheria yoyote, na swali lako la pili nalo nimelijibu, ingawa nina neno zaidi.

Simlaumu mama yako. Amechoka, na elfu tatu inaonekana ndogo mbele ya ploti. Lakini fikiria unanunua nini. Ukiwapa vijana wa stoo elfu tatu walione faili, umewafundisha kwamba faili hilo lina bei. Yule mwenye kamba ya kupimia anaweza kutoa elfu kumi lisionekane tena. Katika mnada huo wewe ndiye mwenye mfuko mwepesi. Barua yenye muhuri haina mnada. Karani akikuomba tena, mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, nimeshaandika kwa katibu, nangoja jibu." Hata sauti usipandishe.

Wakikaa kimya siku 21 zikapita, kimya hicho kisheria ni kukataa, na hapo mlango wa pili unafunguka. Unayo siku 30 za kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Makao yake yako Nairobi, ina matawi Mombasa, Kisumu na Eldoret miongoni mwa mengine, na huduma yake haina malipo. Unawapa nakala ya barua yako yenye muhuri na maelezo ya ukurasa mmoja. Tume inaweza kuwaita maafisa, kudai kuonyeshwa rekodi na kuamuru zitolewe. Umeona sasa kwa nini nimeng'ang'ania muhuri? Bila tarehe, tume haina pa kuanzia kuhesabu.

Huenda wakakukatalia sehemu. Kwa mfano, kama kuna barua ya uhamisho, watasema ina namba ya kitambulisho na simu ya mtu binafsi. Hapo wana hoja, faragha inalindwa. Lakini dawa ya hilo ni kuziba namba hizo na kukupa iliyobaki, siyo kukunyima ukurasa mzima. Waandikie hivyo hivyo.

Tuje kwenye swali lililokufanya ushike kalamu: kama faili limepotea kweli. Mwanangu, faili ni nakala moja tu kati ya nyayo nyingi. Baraza la mji lilikuwa likiandika kila kitu mara tatu nne, siyo kwa uadilifu, ni kwa mazoea. Ploti haikutolewa na mtu mmoja. Ilipitishwa na madiwani kwenye kikao cha kamati, na kumbukumbu za kikao zilichapwa kwa taipureta zikiwa na orodha: namba ya ploti, jina la aliyepewa. Kwetu nakala moja ilikuwa ikienda wizara ya serikali za mitaa. Madiwani hawakuwa wakikaa kwa ajili ya fundi cherehani mmoja. Walipitisha ploti kumi, ishirini kwa mpigo. Ina maana kwamba kuna jirani yako hapo sokoni, wa ploti ya 60 au 65, aliyepewa siku moja na baba yako, na pengine barua yake haikunyeshewa.

Hii ndiyo kazi yako ya wiki hii, hata kabla ya kuandika kwa katibu. Pita kwa wazee wa mstari wenu, uliza nani bado ana barua ya baraza. Ukiipata, usitazame juu. Tazama aya ya kwanza au ya pili, utaona imetaja namba ya azimio la kikao na tarehe yake. Ichukue namba hiyo uiweke kwenye ombi lako badala ya maneno "kikao cha mwaka wa 1987". Anayeomba azimio kwa namba na tarehe hawezi kuambiwa arudi kesho kwa urahisi. Kitabu cha kumbukumbu hutafutwa kwa tarehe, kiko kwenye jalada gumu, na hakikai pamoja na mafaili ya ploti. Aliyeficha faili lako mara nyingi husahau kukificha kitabu.

Halafu kuna upande wa mapato. Ofisi ya mapato ni chumba kingine, wakati mwingine jengo jingine, na wao hawajali nani anagombana na nani, wanajali nani kalipa. Kadi ya reti ya ploti 62 ina jina. Kama baba yako aliendelea kulipa kwa jina lake hadi mwaka wa 2018, tuseme, na yule mtu anadai baba aliuza zamani, basi mwambie aeleze ni muuzaji gani anayeendelea kulipia kitu alichokiuza. Angalia pia leseni za biashara za miaka ile na mkataba wa kwanza wa stima. Hizo haziwezi kukupa ploti, lakini zinaonyesha nani alikuwa pale na kwa jina gani.

Kwa nini nakusukuma kwenye karatasi za 1987 badala ya kuhangaikia karatasi iliyokunjwa ya huyo bwana? Kwa sababu mahakama zetu siku hizi zinafukua mizizi. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Upeo iliamua kesi ya ploti ya ufukweni Nyali, Mombasa, na majaji walirudi nyuma hadi ugawaji wa mwaka wa 1989, wakasema hati nzuri mkononi haitoshi ikiwa njia iliyoizaa haikuwa halali. Mwaka huohuo mahakama hiyo ilisema pia kwamba barua ya ugawaji peke yake si hati ya kumiliki. Neno hilo linakata pande mbili, nisikufiche. Linamkata yeye, na linakukata wewe. Kama baba hakuwahi kupata hati ya kukodisha, mnachoshikilia ni ugawaji, malipo na kukaa pale miaka yote hiyo. Ni nguvu, lakini ni nguvu inayohitaji karatasi.

Kuna jambo ambalo kaunti haiwezi kukujibu hata ikitaka, nalo ni kama tayari kuna mtu amesajiliwa hati ya ploti hiyo. Usajili wa ardhi uko chini ya serikali ya kitaifa. Nenda ofisi ya msajili wa ardhi ya eneo lenu ukaombe msako rasmi, ule watu wanauita sachi. Nimeona watu wakipoteza mwaka mzima kwenye dirisha la kaunti wakitafuta hati miliki, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, vitu ambavyo kaunti haijawahi kuvitunza. Kaunti ulizia yaliyo yake: ploti za soko, reti, leseni, ramani za ujenzi zilizoidhinishwa, zabuni na bajeti yake, zahanati na barabara za kaunti.

Sambamba na ombi, andika barua ya pili, fupi, kwa mkuu wa idara ya ardhi na mipango. Hii ndiyo ya lalamiko. Mwambie ploti 62 ina mgogoro, mnaikalia tangu 1987, na mnaomba uhamisho wowote usiidhinishwe kabla hamjasikilizwa. Gonga muhuri hiyo nayo. Vijana wakija tena na kamba, ripoti kituo cha polisi uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio.

Wakili utamhitaji, lakini siyo leo na siyo kwa kuomba nakala. Utamhitaji mkienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na hapo utamkuta na karatasi mkononi badala ya hadithi, na hata bei yake utaona imebadilika. Kabla ya hapo kuna kitu mmekichelewesha tangu 2019: mirathi. Kuomba nakala hakuhitaji mirathi. Kushtaki kwa niaba ya marehemu, au kubadilisha jina kwenye rejista, kunahitaji mtu aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mali yake. Mchukue mama mwende kwa chifu mpate ile barua inayotambulisha warithi, mwanzie hapo.

MCA mwache kwanza. Simsemi vibaya. Akiwa mtu mzuri atakupigia simu afisa, na afisa atakuita, mtakunywa chai, na utarudi nyumbani bila karatasi tena. Na kama huyo mwenye kamba ni mtu wake, utakuwa umempelekea habari mwenyewe.

Halafu, lile la sistimu kuwa chini. Sheria ya 2016 iliwapa ofisi za umma miaka mitatu kuingiza rekodi zao kwenye kompyuta, na ilianza kutumika Septemba ya mwaka huo. Hesabu mwenyewe. Wakikuambia tena sistimu iko chini, wao ndio wenye deni, siyo wewe.

Chochote utakachokipata, toa nakala. Usimwachie afisa yeyote karatasi halisi, hata akisema ni ya dakika moja ya kuangalia. Piga picha ya ile 62 nyekundu juu ya mlango kabla mtu hajaipaka rangi, na ya mawe ya mpaka kama bado yanaonekana.

Na hiyo cherehani, binti yangu. Mwombe mama ruhusa, akae hapo karibu nawe kama anataka, kisha uvute zile droo ndogo za pembeni hadi mwisho, uzitoe kabisa uangalie na nyuma yake. Fundi niliyekuwa nikimpelekea suruali zangu alikuwa akiweka humo risiti za baraza, chini ya bobini na chaki, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya duka ambayo watoto walikatazwa kugusa.

Mzee wa Masjala